Kilo Nane za Uongo

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana, au ulilifungia sabuni kabla hujafika ukurasa huu, ngoja nikuvute mkono kidogo tuwe sawa.

Mimi ni fundi mizani. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Mizani ikiugua, iwe ya dukani, ya kiwandani au ya zahanati, naitwa mimi. Ikipona, naigonga muhuri wangu, na kuanzia hapo hakuna wa kubishana nayo.

Mimi pia ni mgonjwa wa kisukari, na mpenzi wa bia. Daktari aliniambia kilo mia na nane ni mzigo wa watu wawili, nipunguze. Na bia nipunguze, hasa ile ya kunywa na njaa. Mke wangu, Mama Pacha, akalifuta neno "apunguze" akaweka "aache". Nikaapa mbele yao wote wawili.

Kisha zahanati ikaniita nitengeneze mizani yao, ile kubwa ya kusimama yenye mshale. Shetani akanishikia bisibisi.

Sikuwa mjinga wa kuiba kilo nane kwa siku moja. Kila Alhamisi asubuhi, kabla benchi la wagonjwa halijajaa, nilipita "kuikagua bure", nikaikaza skrubu kidogo. Mtu hajapanda, mshale umetulia kwenye sifuri, mpole kama bibi harusi. Akipanda, unazubaa njiani. Ilipofika wiki ya kumi na mbili, kwenye kila kilo kumi nilikuwa namwibia mtu moja.

Jamani, zahanati nzima ilipungua! Wamama wakashuka kwenye mizani wakipiga vigelegele. Sista, muuguzi wetu, akabandika picha yangu ukutani: MGONJWA WA MFANO. Mama Pacha naye alikuwa akipanda, akishuka anajishika kiuno. Nami jioni nikawa naipongeza juhudi yangu kwa chupa tano.

Mmoja tu hakupungua. Mwalimu mstaafu, jirani yangu wa benchi. Wiki nenda wiki rudi, kilo sabini, sabini, sabini.

"Mwalimu, unatuangusha," Sista alimkaripia mbele ya watu. "Wenzako wote wanashuka. Unakula nini wewe?"

"Sista, hata mkate siku hizi nauogopa."

"Basi unakula usingizini!"

Benchi zima likacheka. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote. Likumbukeni hilo, maana mimi sasa silisahau.

Tuliachana pale Daktari alipoishika karatasi ya damu yangu, ile ya kuonyesha sukari ya miezi mitatu. Mama Pacha amekaa kulia kwangu, amevaa gauni jipya, akisubiri kusifiwa.

"Fundi," alisema Daktari, "ulianza na kilo mia na nane. Leo una mia kamili."

"Ni kujinyima tu, Daktari."

"Na sukari yako imepanda."

Nikahisi kiti kimekuwa kidogo.

"Imepanda kidogo?" nikauliza, kama mtu anayetafuta kupunguziwa bei.

"Imepanda sana. Sijafurahi hata kidogo."

Mama Pacha akaingilia. "Lakini Daktari, si kilo zimeshuka?"

"Ndiyo maana naogopa, mama. Mgonjwa wa kisukari akikonda huku sukari inapanda, huenda mwili umeanza kujila wenyewe. Pengine kongosho limechoka. Pengine kuna kitu kimeota humo ndani. Lazima aende hospitali kubwa wamwangalie tumbo." Akanigeukia. "Pombe je?"

Sijavuta pumzi, mke wangu keshajibu.

"Hagusi! Mimi ndiye shahidi. Shati lake nalinusa kila siku akirudi."

Kweli alikuwa akilinusa. Ndiyo maana shati la kunywea nililiacha baa, kwenye msumari nyuma ya kaunta ya mwenye baa tunayemwita Shangazi, na nyumbani nikarudi na shati la kazi na karafuu mdomoni.

Daktari akaandika vidonge vipya. "Hivi vina nguvu. Usiruke mlo, hata mmoja. Umenielewa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Neno moja tu: sikukonda. Lakini ukisema hukukonda, utaulizwa mizani ilionaje. Na fundi mizani akibainika ameitia mizani uongo kisha akaigonga muhuri, muhuri huo ananyang'anywa na haurudi tena maisha. Na mimi nikitoa muhuri, kinachobaki ni mtu mnene mwenye bisibisi.

Nikameza mate. Nikameza na ukweli.

Nyumbani niliingia kama mgonjwa mahututi. Mama Pacha alipiga simu kwa ukoo wake wote, na kabla jua halijazama shemeji yangu alikuwa sebuleni. Ni dada mdogo wa mke wangu, fundi cherehani, ana ulimi unaokata kuliko mkasi wake.

"Pole, shemeji. Nimekuja kukupunguzia suruali. Mtu akikonda asionekane kama gunia limepoteza mahindi."

"Shemeji, hakuna haja."

"Simama wewe!"

Akanizungusha futi kiunoni. Akasoma. Akafuta macho, akasoma tena. Akatoa daftari lake la zamani lenye vipimo vya mwaka jana.

"Dada, njoo uone maajabu. Kilo zimeshuka nane, kiuno kimeongezeka inchi mbili."

Nikajua nimekamatwa. Nikaanza kupanga maneno ya toba.

Mama Pacha akashika kichwa. "Uvimbe! Mungu wangu, kavimba! Daktari si kasema kuna kitu kimeota?"

"Sasa kinaota kwa duara hivi, kizunguke hadi mgongoni?" shemeji aliuliza, akinitazama kwa jicho moja.

"Ugonjwa huu haujulikani, mdogo wangu!"

"Mm," alisema shemeji. "Mimi naufahamu uvimbe wa namna hii. Wateja wangu wengi wanao. Unaota zaidi mwisho wa mwezi."

Lakini mke wangu hakumsikia. Alikuwa ameshapiga magoti kunivua viatu, machozi yakidondokea soksi zangu. Tangu tuoane hajawahi kunivua viatu. Siku tatu alinilisha kwa kijiko, akaniamkia kama mkwe, akawaambia mapacha kwenye simu wamwombee baba yao. Mimi nimelala kitandani nakoroma kwa raha, na katikati ya raha kuna kitu kinanichoma kama mwiba wa samaki.

Mtu mwingine angetubu. Mimi nilikwenda baa.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi. Tangu asubuhi sikula, na hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yangu kuu, niliyoigundua mwenyewe bila kusoma popote: ukiruka chakula, bia inakaa mahali pake, na mwili haujui tofauti. Vidonge vipya vya siku hiyo nilivimeza kwa utiifu. Nikavaa shati langu la msumarini, nikakaa na rafiki yangu Kizibo, aliyepewa jina hilo kwa sababu haachani na chupa.

Chupa ya kwanza, safi. Ya pili haijafika nusu, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka kama nimemwagiwa ndoo. Midomo ikafa ganzi. Nikamwona Kizibo wawili, na wote wawili wananicheka.

"Fundi! Chupa moja na nusu tu umelewa? Umekuwa mtoto?"

Nilitaka kumjibu, ulimi ukagoma. Moyo ukaenda mbio. Nikasema kimoyomoyo: ndio huo ugonjwa. Nilioubuni mwenyewe, umekuja kunichukua kweli.

"Mwacheni alale," alisema mtu wa meza ya pili. "Kazidiwa huyo."

"Asilale!" Hiyo ilikuwa sauti ya Shangazi, mwenye baa. Mwanamke huyu hatoki kaunta hata paa likiungua, lakini siku hiyo aliiruka. Akanishika taya kama anayemnywesha ndama dawa. "Soda! Ile yenye sukari, siyo hiyo! Meza wewe, meza!"

Nikameza. Nusu ikaingia, nusu ikaogesha shati. Baada ya muda Kizibo akarudi kuwa mmoja, na hakuwa akicheka tena.

"Una kisukari," alisema Shangazi. Hakuuliza.

"Kidogo."

"Hakuna kidogo. Umekula saa ngapi?"

"Jana."

Akavuta kiti. "Sikia, Fundi. Pombe ikiingia, ini linaacha kazi zote limhudumie mgeni huyo. Halina muda wa kukutolea sukari ya akiba. Tumboni huna kitu. Vidonge navyo vinashusha. Ulitegemea nani akushike, malaika?"

"Umesomea wapi mambo haya?"

"Kwa marehemu mume wangu. Alianguka barabarani mchana kweupe. Watu wakamruka wakisema mlevi huyo, aachwe kwanza pombe zimtoke. Zilimtoka pamoja na roho."

Hata Kizibo akaweka chupa chini.

"Na hicho kitambi usidhani kimeletwa na upepo. Kila chupa ni kama vipande vitatu vya mkate. Wewe hapa kila jioni unakunywa mkate mzima, halafu unalinyima tumbo chakula ukidhani unamkomoa nani?"

Akaenda nyuma ya kaunta. Akarudi na shati langu la kazi, akanitupia mapajani.

"Vaa lako. Hili la baa nalichoma. Na ukionekana hapa na njaa yako tena, nitamwita mkeo mwenyewe aje akuhesabie."

Nilirudi nyumbani kwa miguu miwili isiyoaminiana. Njiani nikapanga mpango wa busara: nitailegeza mizani polepole, jinsi nilivyoikaza. Nusu kilo wiki hii, nusu wiki ijayo. Watu wataongezeka taratibu, watalaumu sikukuu. Sukari yangu itashuka kwa sababu bia nimeacha, kweli safari hii. Hakuna atakayejua. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Alhamisi alfajiri simu ikalia. Sista.

"Fundi, uje mapema. Uje na mawe yako ya kupimia."

Mawe ni yale ya chuma, ya kilo ishirini ishirini, tunayopandisha kwenye mizani kujua kama inasema kweli. Miaka yote hiyo Sista hakuwahi kuniambia nije nayo.

"Kuna nini?"

"Mwalimu kalazwa jana. Njoo tu."

Mama Pacha akasema hawezi kuniacha niinue vyuma na ugonjwa wangu. Akaja nami, akabeba jiwe moja begani, mimi nikiwa na matatu kwenye toroli. Picha hiyo sijapata mahali pa kuiweka hadi leo.

Benchi lilikuwa limejaa na hakuna aliyekuwa akitania. Daktari alisimama kando ya mizani akiwa na kadi mkononi.

"Mwalimu aliletwa jana hawezi kupumua," alisema. "Miguu imevimba hadi magotini. Maji yamejaa mwilini, moyo umeelemewa. Mtu wa namna hiyo tunamjua mapema kwa kilo: zikipanda ghafla, ni maji. Kadi yake inasema sabini kila wiki. Hospitali wamempima jana ileile. Sabini na nane."

Watu wakaguna.

"Kilo nane, Fundi. Zilikuwa wapi?"

Mimi ndiye pekee katika chumba kile niliyejua zilikuwa wapi. Mwalimu alikuwa akiongezeka wiki hadi wiki, nami nyuma yake nikipunguza wiki hadi wiki, tunakwenda sambamba kama ng'ombe wawili wa plau. Yule tuliyemcheka kwa kutopungua alikuwa anazama.

"Pandisha mawe," alisema Daktari.

Nikapandisha. Moja, mawili, matatu, manne. Themanini kamili, chuma kisichojua kusema uongo. Mshale ukapanda, ukazubaa, ukasimama.

Sabini na mbili.

"Mama yangu," alisema mtu kwenye benchi.

Sista akashika mdomo. Kisha, Mungu ambariki, akanifungulia mlango wa kutorokea bila kujua. "Springi imechoka, siyo Fundi? Mizani ya siku nyingi. Springi zinachoka zenyewe, si ndiyo?"

Ndiyo! Springi zinachoka. Hakuna mtu angebisha. Muhuri wangu ungebaki mfukoni, kongosho langu lingepona saa ileile, na mimi ningerudi nyumbani kunywa chai. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Springi huwa..." nikaanza.

"Basi kosa ni langu," alisema Sista. Akaanza kulia waziwazi, bila kujificha. "Mimi ndiye msimamizi wa mizani. Ningeitisha mkaguzi wa pili. Mzee wa watu nikamwita mlafi, nikamwambia apunguze hata huo mkate. Daktari, andika jina langu."

Daktari akafungua kalamu.

Nawaambieni, niliitazama kalamu ile ikishuka kwenye karatasi, na mwiba wa samaki ukanipanda hadi kooni.

"Usiandike," nilisema.

Nikatoa muhuri mfukoni, nikauweka juu ya mawe.

"Springi haijachoka. Niliikaza mimi. Kila Alhamisi, kidogo kidogo. Sikukonda hata gramu. Sista hana kosa, na mimi sina uvimbe. Nina bia."

Benchi zima likanigeukia.

"Bia gani?" aliuliza Mama Pacha, taratibu sana.

"Tano. Kila jioni. Kwa Shangazi. Shati lilikuwa..."

"Sijakuuliza shati."

Jiwe la nne alilolibeba begani lilikuwa limemwachia alama ya kutu kwenye lile gauni jipya. Alikuwa akiifuta kwa kidole, akiifuta tu, haitoki.

Nilitegemea Daktari apige kelele. Hakupiga. Alinisukumia bisibisi. "Kuna watu arobaini kwenye benchi wanaotibiwa kwa kilo. Rekebisha. Sasa hivi, mbele yao."

Nikafungua mizani. Nililegeza skrubu mpaka mawe yakasoma themanini. Kisha Daktari akaninyooshea kidole.

"Wewe wa kwanza."

Nikapanda. Mia na kumi na moja.

Hapo ndipo benchi lilipolipuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa amegawa nguo zake kubwa zote kwa majirani alitaka kiatu chake akirushe, akazuiwa. Mzee mmoja akaniuliza kama nilimcheka Mwalimu nikiwa najua anaumwa. Sikujua, nikasema. Akasema, "Kwa hiyo ulicheka bure."

Watu wakapanda mmoja mmoja, wakashuka vichwa chini. Wa mwisho akapanda Mama Pacha. Akasoma mwenyewe, hakuruhusu Sista aseme namba. Akashuka, akavaa viatu vyake polepole.

Daktari akaufunga muhuri wangu ndani ya bahasha. "Mkaguzi mkuu wa mizani atafika kesho saa tatu. Utamweleza mwenyewe. Vidonge vile vipya uviache leo hii, vilikuwa vya mtu anayekonda. Na Fundi..." Akasita. "Mwalimu ameamka huko hospitali, wodi namba mbili, kitanda cha dirishani. Tangu alfajiri anakuulizia wewe."

"Mimi? Anajua?"

"Hajaambiwa kitu. Anasema kuna jambo wewe tu ndiye wa kumweleza."

Nikamgeukia mke wangu. Miaka yote ya ndoa yetu, tangu mapacha wazaliwe, katika raha na ugomvi, hajawahi kuniita kwa jina lingine ila Baba Pacha. Nilisubiri aniite hivyo. Ningeweza kutembea hadi hospitali kwa magoti kama angeniita hivyo.

Akachukua mkoba wake.

"Wodi namba mbili, kitanda cha dirishani," alisema. "Uanzie huko. Ukitoka, ndipo tutaona kama kuna nyumba ya kurudi, Fundi."